Samaki mdomo upande

ZAWADI: Karibuni tena, tuko Kigoma, hizo kelele mnazozisikia ni maboti ya Kibirizi tuvumiliane tu. Leo Juma kaniletea samaki mwenye mdomo uliopinda, sijui kamtoa wapi.

JUMA: Humu humu ziwani dada! Tanganyika ina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa sato na karibu wote huwapati kwingine duniani. Sasa kuna mmoja, wataalamu wanamwita Perissodus microlepis, yeye anakula magamba. Anamvizia mwenzie kwa nyuma, anamnyofoa magamba ubavuni, huyo, katoka mbio.

ZAWADI: Kibaka kabisa.

JUMA: Kibaka! Na mdomo umepinda, wengine kulia wengine kushoto. Wa kulia anapiga ubavu wa kushoto, wa kushoto anapiga wa kulia.

ZAWADI: Ngoja kwanza, si shuleni tuliambiwa mwenye uwezo ndo anabaki? Mbona upande mmoja haujaufuta mwingine mpaka leo?

JUMA: Hapo ndo penye utamu. Wewe upo sokoni Mwanga, vibaka wote wanatokea kushotoni kwako, pochi utaikumbatia wapi?

ZAWADI: Kushoto. Aaah! Halafu anakuja mmoja kulia, nimejisahau...

JUMA: Anabeba mpaka simu. Sasa ndo hivyo, mdomo ulio wachache unakula vizuri kwa sababu samaki wengine wanalinda ubavu mwingine, akishiba anazaa, watoto wanarithi, wanaongezeka weee mpaka na wao wanakuwa wengi, samaki wanaanza kulinda ubavu ule, basi neema inahamia kwa wenzao. Mjapani mmoja Michio Hori aliwafuatilia kama miaka 10 hivi, akaandika kwenye jarida la Science 1993, hesabu inapanda inashuka lakini inazungukia nusu kwa nusu.

ZAWADI: Kwa hiyo hakuna bingwa wa kudumu.

JUMA: Hayupo. Ubora wako unategemea mko wangapi.

ZAWADI: Ila mi nabisha kidogo, huo mdomo si unapinda kwa kula upande mmoja kila siku?

JUMA: Unachangia, hilo lipo, akizoea upande mmoja kupinda kunazidi. Lakini kuna sehemu inatoka kwa wazazi, kwenye jeni, na hiyo ndo uteuzi wa asili unaishika, yaani ule mchezo wa anayeshiba kuzaa zaidi. Angepinda kwa kujigonga kwenye mwamba tu, wanae wangezaliwa kawaida na kundi lisingebadilika chochote. Na samaki mwenyewe hahami upande akiona mambo magumu, ni hesabu ya kundi ndo inayohama, kizazi kwa kizazi.

ZAWADI: Kesho nashuka mwaloni, nakagua midomo mmoja mmoja.

JUMA: Kamdogo kale, kanakaa kwenye mawe mawe huko, utawafunua midomo migebuka ya watu bure wakufukuze.