Sanaa na Anasa: Mhadhara juu ya Kupangua Herufi

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu na wanangu, habari za jioni.

Nimeandika neno moja ubaoni: SANAA. Herufi tano, na tatu kati yake ni A. Ukizipangua na kuzipanga upya utapata mipango 20 tu, haizidi. Sasa nawaomba mlisome kwa silabi, mkianzia nyuma. Polepole. A, na, sa.

Anasa.

Nawasikia mnavyoguna. Mimi nilipoliona mara ya kwanza niliinuka kitini. Nilikuwa kijana, nimetaka kujifunza kupiga udi, na mjomba wangu aliyenilea akanijibu sentensi ambayo wengi wenu mmeisikia nyumbani kwenu: sanaa ni anasa, tafuta kazi. Miaka mingi baadaye, nikiandaa mafumbo ya maneno kwa wanafunzi wangu, nikakuta kwamba sentensi ile ya mjomba ina herufi zilezile kulia na kushoto. Alikuwa amelipindua neno bila kujua.

Na maneno haya mawili si ndugu. Yote yametoka Kiarabu, lakini kila moja lina mzizi wake. Sanaa imetoka kwenye mzizi wa kutengeneza kitu kwa ustadi. Ina swadi, ina aini. Anasa imetoka kwenye mzizi wa kuzoeana na kuliwazana. Ina alifu, ina sini. Mwarabu akiyaandika hayapanguki kabisa. Yamekuja kukutana katika kinywa cha Mswahili, ambacho kimeilainisha swadi na kuimeza aini. Kwa hiyo fumbo hili ni letu. Hakuna mtu wa lugha nyingine anayeweza kulitega.

Hilo ndilo lililonileta hapa jioni hii. Mchezo wa kupangua herufi, ambao wengine huuita anagramu, tumezoea kuupokea kutoka kwa Waingereza kama ulivyo. Nimewahi kupewa kazi na mhariri mmoja nimtafsirie ukurasa wa chemshabongo wenye mada ya muziki. Nilifanya, na nikakosea kukubali. Dokezo lilisema pangua herufi upate ala ya nyuzi. Lakini baada ya kutafsiri, herufi za dokezo hazikuwa tena zile za jibu. Wasomaji walihangaika na kitu kisicho na ufumbuzi. Fumbo la aina hii halitafsiriki. Lazima mtu akae na maneno ya lugha yake, moja moja, ayageuzegeuze kama mtu anayechagua mchele.

Niseme kwanza fumbo zuri ni lipi. Mchoraji Salvador Dalí wa Hispania aligombana na mshairi André Breton wa Ufaransa, na Breton akazichukua herufi za jina lake akazipanga zikawa Avida Dollars, yaani mwenye uchu wa dola. Herufi kumi na mbili, hakubaki hata moja, na jina jipya likamsema mwenye jina la zamani. Unaweza usikubaliane na Breton, lakini kazi yake imekamilika. Neno la pili lazima liwe na la kusema juu ya neno la kwanza. Likikaa tu pale kwa sababu herufi zimetimia, hilo ni zoezi la kuhesabu.

Sasa tuingie kwetu. Sauti. Nani ananipatia? Herufi tano, kila moja tofauti, mipango 120. Kitendawili!

[Ukumbi: Tega!]

Ndege anayependwa kwa macho kuliko kwa masikio.

Ahsante mama, umepata: tausi. Tazameni kilichotokea: s na t zimebadilishana nafasi, irabu hazikuguswa. Sa-u-ti, ta-u-si. Na tausi tunamjua. Akikunja mkia wake ukabaki na mlio peke yake, utashangaa kwamba uzuri ule wote umepewa kelele ile. Nimemtumia tausi kuwafundisha waimbaji wachanga tofauti ya mavazi na koo, na hawasahau.

Lugha yetu inaupendelea mchezo huu kwa sababu ya umbo la silabi zake. Silabi nyingi ni konsonanti na irabu, na maneno mengi huishia na irabu. Kwa hiyo ukihamisha silabi, unachopata karibu kila mara kinatamkika, hata kama hakina maana. Watoto wa pwani walilijua hili kabla ya mwalimu yeyote. Wanaposema kinyume, wanachukua silabi ya mwisho wanaitanguliza: kitabu kinakuwa bukita, hapa inakuwa paha, na mtu mzima asiyezoea anaachwa njiani. Ile ni shule kamili ya kupangua maneno, na ada yake ni kucheza tu.

Jaribuni kinyume kwenye maneno ya muziki. Nota. No-ta, ta-no. Tano! Na nota huandikwa juu ya mistari mingapi? Mitano. Hili nililitega kwa wanakwaya, na mwalimu wao akaniambia tangu siku hiyo hakuna aliyechora mistari minne. Kayamba nayo: itangulize silabi ya pili, ka-ya-m-ba iwe ya-ka-m-ba, utapata maneno mawili, ya kamba. Chakacha inakataa kugeuzwa. Cha-ka-cha, ukiisoma mbele au nyuma kwa silabi ni ileile, kama kiuno kinachorudi pale kilipotoka.

Ninayoipenda kuliko zote katika kundi hili ni zumari. Zu-ma-ri. Hamisheni silabi ya kwanza ikae katikati. Mazuri. Mpiga zumari akilipuliza kwenye harusi, mambo ni mazuri. Sihitaji dokezo jingine.

Yapo mafumbo mengine ambayo sikio haliwezi kukusaidia, maana yanavunja kitu ambacho sisi tunakisikia kama kimoja. Mb, nd, nz, kwetu ni sauti zinazoshikana. Chukua imba. Ukiendelea kuishika mb kama kitu kimoja, utapata mbia, yaani mshirika wako katika biashara; si vibaya, muulizeni mwimbaji yeyote wa bendi. Lakini ukiwa na moyo wa kuitenganisha m na b, unapata bima. Watu wazima wanahangaika na hili kuliko watoto wa darasa la tatu, kwa sababu mtoto bado anaona herufi, mtu mzima anaona neno.

Na utenzi. Hapa nitasimama kidogo, mniwie radhi.

Utenzi tunaujua: mistari minne katika ubeti, mizani minane katika kila mstari, mitatu ya mwanzo ina kina kimoja na wa mwisho unabeba kina cha utenzi mzima. Ni bahari iliyobeba historia na dini za pwani kwa karne nyingi. Utendi wa Tambuka wa Mwengo una tarehe ya 1728. Sasa tenganisheni nz. U, t, e, n, z, i. Panga upya: tuzeni.

Tuzeni! Mliowahi kukaa kwenye taarabu mnajua. Mwimbaji anafika kwenye ubeti uliomgusa mtu, mtu anainuka, anatembea taratibu kwa mdundo mpaka jukwaani, noti mkononi, anamtuza. Kutuza ni namna ya kujibu. Ni msikilizaji kusema, maneno hayo ni yangu. Kwa hiyo utenzi unayo ndani yake amri kwa wasikilizaji wake. Kila nikilitega fumbo hili huwa nafikiria watunzi wangapi wamekufa maskini wakati herufi za kazi yao zilikuwa zinatuambia la kufanya.

Kuna mzee wa Lamu hapa mbele anatikisa kichwa, na ana haki. Kwao ni utendi, kwa d. Na kwa d fumbo linakufa, hakuna tuzeni. Ndiyo sababu nasema anayetega lazima ajue anamtegea nani. Fumbo la Unguja laweza lisifike Lamu, na la Lamu laweza kuzama kabla ya kufika Tanga.

Kwa mzee huyu nina jingine. Siwa, baragumu kubwa ya sherehe, ile ya Pate ya pembe ya ndovu na ile ya Lamu ya shaba. Hapa hatupangui, tunaongeza silabi moja tu mbele. Kisiwa. Nimemaliza, mzee wangu, sina la kuongeza.

Niseme juu ya udanganyifu. Kiswahili kinabandika viambishi, na mtegaji mvivu anaweza kutumia viambishi kupata karibu kila kitu: ni, na, ku, ha, li, mpaka herufi zikatimia. Nimeona mafumbo ambayo jibu lake ni kitenzi ambacho hakuna mtu aliyewahi kukitamka tangu dunia iumbwe. Huko ni kumwonea mfumbuaji. Kipimo changu ni kwamba neno lililonyambuliwa likubaliwe likiweza kukaa kwenye sentensi moja na neno lililozaliwa nalo. Lahani, yaani mahadhi ya wimbo, ukiipangua inatoa halina. Peke yake ni kipande tu. Lakini sikilizeni: shairi halina lahani. Ni sentensi nzima, lalama ya msomaji halisi, na maneno mawili ya mwisho ni herufi zilezile. Hilo nalikubali kwa mikono miwili. Kinanda nacho kinatoa kandani, na waliokua enzi za kaseti wanajua sauti ya kinanda ilikokuwa ikikaa. Nalikubali pia, ingawa mpwa wangu, ambaye hajawahi kushika kanda, aliniuliza kandani ni wapi.

Fasihi nimeichelewesha makusudi kwa sababu inaniumiza. Badilisha f na s: safihi. Mtu fasihi na mtu safihi, msemaji mzuri na mtu fidhuli, wametenganishwa na konsonanti mbili. Malenga wa zamani walijua mpaka huu. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliwapiga watu kwa mafumbo, akajibiwa, akajibu, na bado leo tunamsoma kwa sababu hata alipokuwa mkali, lugha yake haikushuka. Siku hizi nasikia mashairi mengine ya kurushiana maneno, nayahesabu mizani, mizani imetimia, na bado najua nimesikiliza safihi.

Mtu ameniandikia karatasi hapa akiuliza kama muziki wenyewe una mchezo huu, bila maneno. Unao. Uingereza, kwenye minara ya makanisa, wapiga kengele hawapigi wimbo. Wanapanga na kupangua. Kengele saba zina mipango 5,040, nao hujitahidi kupiga kila mpango mara moja bila kurudia. Kwa kengele nane ni 40,320. Mwaka 1963, mjini Loughborough, kundi moja liliipiga yote, karibu saa kumi na nane mfululizo, watu walewale wakiwa wameshika kamba bila kupokezana. Mtu anayeuliza kwa nini mimi hukaa usiku kucha na herufi za neno moja, naomba aanze na wale.

Nirudi kwenye nota, kwa sababu nimewaficha kitu. Nota inatoa pia tona, na kutona ndiko kuipaka hina kwa nukta nukta mikononi mwa bibi harusi. Hina ni sanaa ya uchoraji. Karatasi yake ni ngozi ya mtu. Niliwahi kuandaa mafumbo kwa ajili ya shughuli ya harusi, nikaweka HINA, nikifikiri haina jibu gumu, herufi nne tu, wataigeuza wacheke. Bibi mmoja, wa makamo ya mama yangu, akainamia karatasi, akaandika, akaninyooshea. Alikuwa ameandika HANI.

Mnajua kuhani. Ni kwenda kwa waliofiwa, kukaa nao, kuwapa pole. Yule bibi alikuwa ametoka kuhani siku mbili nyuma, na hina ya shughuli iliyotangulia ilikuwa bado haijafutika vidoleni mwake. Hakuwa na kinyongo. Alisema tu, “Mwanangu, haya yako karibu hivi?” Sikuwa na jibu. Nililiondoa fumbo lile kwenye karatasi za harusi, lakini sikulifuta. Nimelihifadhi, na leo ni mara ya pili kulitoa mbele za watu, kwa sababu naliona ndilo la kweli kuliko yote niliyowahi kukutana nayo, na mimi sikulitunga. Lilikuwa limo humo.

Muda wangu unakwisha. Vijana wameniomba kazi ya nyumbani, basi wachukue mawili mepesi. Sinema: igeuze upate wanaokesha wodini. Kalamu: igeuze upate kile ambacho kila mwandishi anaomba kalamu yake imletee mezani, na mtumie neno la wazee.

La tatu ni langu mwenyewe, nalibeba miaka. NGOMA. Herufi tano, mipango 120. Nataka neno lililo hai, ambalo mtu wa mtaani atalitambua, na ambalo lina la kusema juu ya ngoma. Kitendawili!

[Ukumbi: Tega!]

Nimekwisha tega. Mkishindwa, mji ninaoutaka ni Lamu, pamoja na siwa yake.