Anguko Huanza Kabla Mtu Hajapanda

Ndugu wasimamizi, mafundi na vibarua, asanteni kwa kusimamisha kazi na kuja kunisikiliza.

Mtu akianguka kutoka kimo cha mita 2 tu, hufika chini kwa takriban sekunde 0.6, na hugonga ardhi kwa kasi inayozidi kilomita 20 kwa saa. Hapo hakuna muda wa kushika kitu. Ndiyo maana sipendi kusikia ajali ikielezwa kwamba "fundi hakuwa mwangalifu", kisha faili likafungwa. Uangalifu ulitakiwa mapema zaidi, kwa aliyechora jengo, aliyepanga ratiba na aliyeamua kwamba ile ngazi yenye kidato kilicholegea itumike wiki moja zaidi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, majumbani na kazini kwa pamoja. Katika vifo vya ajali, ni ajali za barabarani pekee zinazoua wengi zaidi.

Sasa tufanyeje? Swali la kwanza si "mkanda wa usalama uko wapi?" Swali la kwanza ni kama kazi hiyo lazima ifanyike juu. Kenchi nyingi, yaani fremu zinazobeba paa, zinaweza kuungwa chini, zikapandishwa zikiwa tayari. Ikiwa hakuna budi kupanda, jengeni jukwaa imara lenye reli pande zote, zibeni kila tundu la sakafu kwa kifuniko kisichoteleza. Reli humlinda hata aliyechoka na aliyesahau. Mkanda huja mwisho, pale ambapo hayo mengine yameshindikana, na inanisikitisha kuona sehemu nyingi zikianzia hapo na kuishia hapo.

Mkanda wenyewe una masharti yake. Kamba yake ya mita 2 yenye kipunguza mshtuko, yaani sehemu inayofunguka ili kulainisha kunaswa, huhitaji zaidi ya mita 5 za nafasi tupu chini ya mahali ilipofungwa, kwa sababu kamba hunyooka, kipunguza mshtuko hufunguka, na urefu wa mtu mwenyewe nao lazima uhesabiwe. Ukiifunga kwenye kimo cha mita 3, fundi atafika chini kabla kamba haijamzuia. Ukiifunga kwenye bomba la maji, bomba litang'oka naye. Hata ikimzuia vizuri, bado ananing'inia, damu inajikusanya miguuni, na baada ya dakika chache anaweza kuzirai. Nani atamshusha? Kwa kifaa gani? Kama jibu halijulikani kabla hajapanda, basi asipande.

Ngazi nitaigusa kwa ufupi: kwa kila mita 4 za kimo, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani, na ncha yake ivuke mahali pa kushukia kwa karibu mita 1. Na msidharau sakafu. Mafuta yaliyomwagika na waya uliokatiza njia huvunja nyonga za watu ambao hawajapanda popote.

Kuna wanaosema programu ya usalama ni gharama. Nawakumbusha daraja la Golden Gate, San Francisco, lililojengwa kuanzia mwaka 1933 hadi 1937. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, aliamuru wavu utandazwe chini ya daraja, jambo lisilokuwa la kawaida enzi hizo. Wanaume 19 walianguka wakaokolewa na wavu ule. Lakini Februari 1937 jukwaa zima liling'oka, likauchana wavu, na watu 10 wakafa. Mimi husimulia sehemu zote mbili. Wavu uliweza kubeba mtu, haukuweza kubeba jukwaa. Kifaa kizuri bila ukaguzi wa kila kinachoning'inia juu yake hakitoshi, na kazi ya programu ni ukaguzi huo: nani anakagua, lini, na ana mamlaka gani ya kusimamisha kazi.

Mamlaka hayo awe nayo hata kibarua wa siku ya kwanza. Mnamo Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani liliweka mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Haki hiyo haina maana kama anayeripoti ubao uliooza anaambiwa ni mwoga, au jina lake linakosekana kwenye orodha ya wiki ijayo. Msimamizi akikaripia mmoja, wengine wote hunyamaza, na kuanzia hapo atazijua hatari zake kwa kuokota majeruhi.

Kwa hiyo nina ombi moja. Kesho asubuhi, kabla ya kazi kuanza, zungukeni eneo lenu pamoja na mafundi. Kila mmoja aonyeshe mahali alipowahi kuteleza akanusurika. Andikeni, na pale palipotajwa na watu wawili, kazi isianze mpaka parekebishwe.