Fungeni Daftari la Oda: Mhadhara kwa Mafundi wa Kazi za Mikono Wenye Familia

Mabibi na mabwana, wenzangu wa sindano, uzi, udongo na gundi, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nitalitaja mara moja jambo lililonileta, kisha nilitetee. Fundi mwenye familia, anayejali mazingira, hana budi kufunga daftari la oda, yaani kuacha kupokea oda mpya, mapema kabla ya sherehe. Mapema kiasi cha kumuuma. Mengine nitakayoyasema leo, ya vitambaa, puto, zawadi na watoto, yote yanategemea hilo.

Biashara yetu huchanua wakati uleule ambapo watu wa nyumbani wanatuhitaji zaidi. Mteja anataka mapambo na zawadi kwa sababu ana sherehe, na sherehe hiyohiyo iko nyumbani kwako. Ukipokea oda hadi siku ya mwisho, muda wa maandalizi ya kwako unaliwa wote. Na mtu asiye na muda hununua: sahani za kutupa, mapambo ya plastiki, zawadi iliyofungwa tayari, karatasi juu ya karatasi. Fundi aliyeshinda mwezi mzima akitengeneza vitu vya kudumu anaishia kusherehekea kwa vitu vitakavyokuwa jalalani kesho yake. Nia anayo. Saa ndizo hana.

Basi tuzihesabu saa. Tuchukue mwanasesere wa kitambaa ambaye kumshona kunachukua saa 3. Ukimuuliza fundi, atakujibu "saa 3". Lakini kuna kumpiga picha, kumjibu mteja aliyebadili rangi mara mbili, kutafuta uzi, kufunga kifurushi na kukipeleka. Tuseme yote hayo ni saa 1 nyingine. Oda 40 zitakuwa saa 160, yaani wiki 4 za kazi ya saa 40 kwa wiki, na hapo hujapika, hujafua, hujakesha na mtoto mwenye homa. Kwa hiyo anza upande wa pili: una saa ngapi kweli kabla ya sherehe? Toa zile za familia kwanza, zinazobaki gawanya kwa 4. Jibu ndilo idadi ya oda unazoweza kupokea, na zikitimia, daftari linafungwa hata kama wateja wamepanga foleni mlangoni.

Bei nayo ibebe saa zote 4. Saa isiyoingizwa kwenye bei haipotei. Kuna mtu anailipa, na mara nyingi ni mtoto anayeambiwa "subiri kidogo" tangu asubuhi.

Mtasema wateja watahama. Baadhi watahama, siwafichi. Lakini tarehe iliyotangazwa miezi 2 kabla, ikarudiwa kila wiki, ikaheshimiwa bila kumpendelea hata rafiki, huwafundisha wateja kuagiza mapema. Kinachoharibu ni tarehe inayosogezwa. Ukiisogeza mara moja, mwaka unaofuata hakuna atakayeiamini.

Sasa nije kwenye malighafi, na hapa naomba tuambiane ukweli. Kitu kutengenezwa kwa mkono hakukifanyi kuwa chema kwa mazingira. Mwaka 2018 Wakala wa Mazingira wa Denmark ulitoa utafiti kuhusu mifuko ya kubebea bidhaa. Kwa kipimo kilichokuwa kigumu kuliko vyote, kile cha uharibifu wa tabaka la ozoni, mfuko wa pamba ya kawaida ulihitaji kutumika mara 7,100 hivi ili ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki. Wa pamba ya kilimo hai ulihitaji mara 20,000. Kwa upande wa mabadiliko ya tabianchi peke yake, hesabu ilishuka hadi mara 52 na mara 149. Utafiti ule haukuhesabu plastiki inayozagaa mitaroni na kufika baharini, kwa hiyo asije mtu akautumia kuisafisha plastiki. Lakini kwetu sisi tunaoshona mifuko una ujumbe mzito: pamba mpya ni kitu cha gharama kubwa kwa dunia, na mfuko unaotumika mara 5 kisha ukasahauliwa kabatini ni hasara.

Ndiyo maana nasema fundi aanze na kitambaa ambacho tayari kipo duniani: mashuka ya zamani, mashati yaliyochakaa kola tu, mabaki ya mafundi cherehani. Kisha akishone kwa ajili ya miaka. Mishikio ya mfuko ishonewe kwa mshono wa mraba wenye alama ya X ndani yake, maana hapo ndipo mzigo unapovuta. Ukitaka kujaza mwanasesere, kumbuka kwamba ile pamba nyeupe nyepesi ya dukani mara nyingi ni poliesta, yaani plastiki. Sufu ya kondoo inafaa. Sufi, ile ya mti wa msufi, pia inafaa, ni nyepesi na haipendi maji, ila hushika moto upesi, basi isikae karibu na mishumaa. Hata vipande vyako mwenyewe vilivyokatwa vidogovidogo vinajaza vizuri, ingawa mwanasesere atakuwa mzito kidogo, na watoto wengi wanaupenda uzito huo.

Ule unga wa kumetameta uacheni. Mwingi ni plastiki ya chini ya milimita 5, haufagiliki wote, na ukioshwa unakwenda na maji. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku uuzaji wa ule wa plastiki unaomwagika ovyo kuanzia Oktoba 2023. Na tuyachunge maneno tunayoandika kwenye lebo. Sheria mpya za Umoja huohuo, zinazoanza kutumika Septemba 27, 2026, zinakataza madai ya jumla kama "rafiki wa mazingira" yasiyo na uthibitisho. Mimi naona ni haki, hata pale ambapo hakuna sheria kama hiyo. Andika kilichomo: "kimeshonwa kwa shuka lililotumika, kimejazwa sufu". Mteja ataamua mwenyewe.

Kwa ajili ya nyumbani, kuweni na sanduku moja la sherehe. Ndani yake vikae vibendera vya kitambaa, taji la mwenye siku yake, vitambaa vya meza, na mifuko ya kufungia zawadi yenye kamba, ambayo hurudi sandukuni zawadi ikishafunguliwa. Karatasi yenye kung'aa iliyochanganywa na plastiki kwa kawaida hairejelezwi. Puto nazo zina tabu yake: heliamu hutolewa ardhini pamoja na gesi asilia, hospitali zinaihitaji kwa mashine za MRI, zile za kupiga picha za ndani ya mwili, na ikishatoka hewani hairudi. Vibendera havipai, lakini mtoto ataviona kila mwaka na kujua kwamba siku imefika.

Watoto washirikishwe kwenye sanduku hilo. Wachore, wakate, washone mishono mikubwa iliyopinda. Msiwashirikishe kwenye oda. Mstari huu naushikilia kwa nguvu, kwa sababu mtoto anayemaliza kazi ya wateja usiku wa kuamkia sikukuu hajifunzi ufundi, anajifunza kuuchukia.

Kuna suala la ndugu pia, wale wanaosema, "Wewe fundi bwana, nitengenezee na mimi." Kila mtu ana haki ya kuomba. Wekeni idadi ya zawadi za bure kwa mwaka, muiseme wazi kwa upole, na zihesabiwe kwenye zile saa za mwanzo. Na shangazi akija na puto na wanasesere wa plastiki, mpokeeni kwa mikono miwili. Mtoto asijifunze kwamba kutunza dunia ni kumwaibisha mgeni. Mwakani, kabla ya siku yenyewe, mwambieni shangazi mtoto anatamani nini: kufundishwa kufuma naye, kwa mfano.

Mwisho, mwezi ule wa ukimya baada ya sherehe, ambao wengi wetu tunauogopa kwa sababu pesa hazionekani: utangazeni kuwa mwezi wa ukarabati. Mteja arudishe mfuko uliochanika mshikio, mwanasesere aliyetoka jicho, naye alipie saa yako. Kazi hiyo haihitaji kitambaa kipya, haina haraka, na inaweza kufanyika mtoto akiwa ameketi pembeni yako na sindano yake.

Naishia hapo ili tupate muda wa maswali. Naona dada pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja bei. Karibu, anza wewe.