Spika Kubwa au Boksi Zuri? Sikiliza Mwenyewe

Mwangaluka! Karibuni karakana, hapa Kirumba, Mwanza. Bodaboda hizo nje zizoeeni tu. Swali ninaloulizwa kila mara: "Fundi, nikiweka spika ya inchi 15 si ndiyo solo litakuwa nene?" Kwa gitaa la besi, sawa. Kwa solo, ngoja kwanza.

Gitaa ni hili hili, amplifaya hii hii, vitufe siviigusi. Inchi 8... redio ya kinyozi! Weka pembeni. Inchi 10: koni, ile karatasi ya spika inayocheza, ni nyepesi, noti inachomoka mapema. Amplifaya ya Fender Bassman ilianza mwaka 1952 na spika moja ya inchi 15, kwa ajili ya wapiga besi. Baadaye ikawekewa nne za inchi 10, na wapiga solo wakaiteka. Inchi 12: hapa kuna kifua. Mimi ni mtu wa 12, sifichi, ila sumaku na koni navyo vina neno lao.

Sasa mgongo wa boksi. Skrubu, toa, mbao kando. Simu inateleza, subirini... haya. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Mgongo ukiwa wazi, wimbi la nyuma linazunguka, linakutana na la mbele, na kwenye sauti za chini yanauana. Besi inapungua, lakini sauti inatapakaa chumba kizima. Kwa kanisani napenda hivi. Narudisha mbao: dum! Besi imekaza, sauti inakwenda mbele. Boksi za Marshall za spika nne za inchi 12 ndivyo zilivyo. Harusi ya ufukweni, upepo wa ziwa unavuma, funga mgongo.

Ah, umeme! ... Umerudi. Tuendelee.

Hapa acheni kula, sikilizeni. Unafunga spika mbili sambamba: chanya na chanya, hasi na hasi. Narudia: chanya na chanya! Ukigeuza moja, hii inasukuma, ile inavuta, besi inapotea, wala hakuna kitakachoungua kukuonya. Watu wanauza amplifaya nzima kwa sababu ya waya mmoja. Alama zimefutika? Chukua betri ya volti 1.5, gusa miguu ya spika, usishikilie. Koni ikiruka nje, mguu uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Ikizama, ni kinyume. Paka rangi nyekundu. Kabla ya skrubu ya mwisho, kagua tena. Umekagua? Kagua.

Omu ni kipimo cha ukinzani wa spika. Spika mbili za omu 8 sambamba ni 4, kwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, ni 16. Soma nyuma ya amplifaya inaruhusu ngapi, vinginevyo utanusa moshi.

Mbao, mimi natumia plaiwudi ya milimita 18. Chipubodi ni rahisi, lakini boksi likivuka kwenda Ukerewe likapigwa na maji, linavimba kona zote.

Hili la inchi 12 limeshanunuliwa, msiniulize bei. La inchi 10 lipo, mgongo wake unafunguka, na kwenye punguzo tutaelewana.