Kubadilisha hedseti ya baiskeli bila kuua fremu

Haya wadau karibuni, leo tunabadilisha hedseti, yaani vile vikombe na beringi zilizoko kwenye bomba la mbele la fremu pale foko inapopita. Ukizungusha steringi ukasikia inanasa katikati, au ukishika breki ya mbele ukaisukuma baiskeli mbele nyuma ukasikia tok tok, ujue tatizo liko hapo. Nafanya ile isiyo na thredi, yaani stemu, kile kipande kinachoshika steringi, inabana kwa nje shafti ya foko, lile bomba la foko linalopanda juu kupita kwenye fremu.

Kabla hujanunua kitu, pima. Watu wananunua kwa macho halafu wanakuja kulia huku. Chukua vania (kalipa ya kupimia), shafti ya foko nyingi ni milimita 28.6, ndani ya bomba la fremu nyingi za vikombe vya nje ni 34, na kwenye foko pale chini inapokaa koni, ile ringi inayobeba beringi ya chini, ni 30. Ndio maana kwenye boksi unaona EC34/28.6 na EC34/30. EC ni vikombe vya nje, ZS vimezama ndani, IS hakuna kikombe kabisa, beringi inakaa kwenye fremu yenyewe, kwa hiyo kama yako ni IS mambo ya kung'oa na kupresi vikombe hayakuhusu, ruka mbele. Shafti ikiwa imenenepa chini, usibahatishe, pima juu peke yake na chini peke yake.

Twende. Toa tairi la mbele, toa breki kama iko kwenye foko, legeza bolti za stemu pembeni, fungua bolti ya kifuniko cha juu, shika foko kwa mkono usije ukaidondosha, vuta. Panga spesa, zile ringi za kujazia kwenye shafti, mezani kwa mpangilio uliozitoa.

Vikombe vya zamani: usichukue bisibisi. Tumia king'oa vikombe, chuma kirefu chenye meno yaliyotanuka, unakiingiza upande mwembamba kwanza kupitia kwenye kikombe unachotaka kung'oa, unakivuta mpaka usikie klik, meno yametanuka nyuma ya kikombe. Sasa piga nyundo kwenye ule upande mwembamba, kikombe kinatoka chenyewe kimenyooka. Bisibisi inapiga upande mmoja, kikombe kinalala na kinakwangua bomba kwa ndani, na fremu ya alumini ikishakwanguka hivyo hata kikombe kipya hakitashika vizuri.

Koni ya foko ikiwa imekatwa mahali unaipanua kwa mkono inatoka. Isiyokatwa ing'olewe taratibu, gonga huku gonga kule. Mpya unaishusha kwa bomba lake maalumu, na sikiliza nyundo: mlio ukibadilika ukawa mkavu, imefika chini, acha.

Sasa presi, ile skrubu ndefu inayosukuma vikombe viingie kwenye bomba, hapa ndo pa kutulia. Futa bomba ndani, paka grisi nyembamba, TOA beringi kwenye vikombe kwanza maana ukizipresi zikiwemo umeziua. Weka kikombe kimoja, sio viwili kwa pamoja, kimoja, zungusha mkono wa presi nusu raundi halafu simama uangalie pembeni pande zote, kikianza kwenda mshazari rudisha nyuma uanze upya, usijidanganye kwamba kitajinyoosha mbele ya safari. Kikigusa fremu, mulika tochi, ukiona mwanga unapita bado hakijakaa. Kisha cha pili hivyo hivyo.

Grisi ya kutosha, weka beringi. Kama ni gololi za kwenye ringi, upande gololi zilipo wazi unaangalia koni, ukigeuza utasikia inakwaruza ukizungusha. Ingiza foko, spesa, stemu, rudisha breki na tairi. Ncha ya shafti iwe chini ya ukingo wa juu wa stemu kama milimita 3, la sivyo kifuniko kitabana shafti badala ya kubana beringi na utakaza mpaka kesho tok tok haiishi.

Kukaza sasa, watu wengi wanakosea hapa. Bolti ya kifuniko haishikilii steringi, kazi yake ni kuondoa mchezo tu, yaani ule ulegevu unaoleta tok tok. Bolti za stemu zikiwa LEGEVU, kaza kifuniko kidogo kidogo, geuza tairi pembeni, shika breki, weka vidole kwenye kikombe cha chini, tikisa. Bado inacheza? Ongeza robo raundi. Inua mbele, steringi ianguke yenyewe kulia na kushoto, ikikataa umezidisha, legeza. Ndipo unanyoosha stemu na tairi, unakaza bolti za stemu kwa zamu, huku kidogo kule kidogo, mpaka torki (nguvu ya kukaza) iliyoandikwa kwenye stemu, nyingi ni Nm 5.

Jaribu breki kabla hujapanda. Ukishaendesha kidogo pima tena mchezo, vikombe vipya huwa vinakaa zaidi, ukikuta inacheza legeza stemu KWANZA ndo uguse kifuniko.