Jozi Kwanza: Kuhamisha Matairi ya Lori Lenye Matairi Pacha Nyuma

Ndugu madereva, mafundi na wamiliki wa malori,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuhamisha matairi katika malori yenye matairi mawili mawili nyuma, na najua wengi wenu mmekuja mkitarajia niwachoree mishale ubaoni: hili liende mbele, lile lirudi nyuma. Mishale nitaieleza, lakini baadaye, kwa sababu katika gari la aina hii kazi ya kwanza ni kupanga jozi, na uhamishaji unaovunja jozi nzuri ni bora usifanyike kabisa.

Matairi pacha yamefungwa kwenye habu moja, kwa hiyo yanazunguka pamoja yatake yasitake. Chukueni tairi la 295/80R22.5, ambalo kipenyo chake kikiwa kipya ni kama milimita 1,040 na ambalo huzunguka kama mara 300 katika kila kilomita. Likifungwa pamoja na tairi lililopungua kipenyo kwa milimita 12, mizingo yake hupishana kwa karibu milimita 38 katika kila mzunguko. Zidisheni kwa 300, mtapata zaidi ya mita 11 kwa kilomita moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo katika safari ya kwenda tu tofauti hiyo hufikia kilomita 10 hivi. Sisemi kwamba tairi dogo huburuzwa umbali wote huo, maana lile kubwa hubonyea chini ya mzigo na kumeza sehemu ya tofauti. Lakini kinachomezwa hugeuka joto ndani ya mpira, huku tairi kubwa likiwa limebeba mzigo usio wake na dogo likiliwa kwa kusuguliwa na lami.

Ndiyo maana kanuni inayofuatwa sana na wataalamu wa matairi husema kwamba matairi pacha ya ukubwa wa 9.00 (yaani upana wa tairi kwa inchi) na kuendelea yasipishane kipenyo kwa zaidi ya milimita 12, na ya 8.25 kushuka chini yasizidi milimita 6. Mwenye geji ya kupimia kina cha mifereji akumbuke kugawa kiwango hicho kwa mbili, kwani tairi huisha pande zote za kipenyo. Kwa hiyo tairi lenye mifereji ya milimita 14 halifai kukaa na lenye milimita 6, hata kama yote mawili bado yana kashata, yaani vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, za kuridhisha. Na kwa Fuso inayotumia 8.25, nafasi yenu ni milimita 3 tu za kina. Tena, msidanganywe na maandishi ya ubavuni, kwa kuwa matairi mapya ya namba ileile kutoka viwanda viwili yanaweza kutofautiana kipenyo.

Tazameni mhimili huu ulio mbele yetu. Matairi yote manne yamejazwa upepo sawa yakiwa baridi, na fundi amelaza bomba la chuma lililonyooka kwa nyuma, likiyavuka yote. Upande wa kulia bomba limegusa matairi yote mawili. Upande wa kushoto limegusa la nje tu, na kati ya bomba na tairi la ndani penseli hii, yenye unene wa milimita 7 hivi, inapita bila kusukumwa. Maana yake vipenyo vimepishana kwa milimita 14, na jozi hiyo lazima ivunjwe. Kipimo hiki hakina gharama, na mimi nakiamini kuliko desturi ya utingo kugonga matairi kwa spana na kusikiliza mlio.

Ikiwa tofauti ipo lakini haijavuka kiwango, dogo likae ndani na kubwa nje, kwa sababu barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji yatiririke, na mwinuko huo huliongezea mzigo tairi la ndani. Hilo la ndani pia ndilo linalopokea joto la breki na ndilo lisilokaguliwa.

Sasa mishale. Matairi ya nyuma yenye kashata kubwa za kuvuta yabaki nyuma, na ya mbele yabadilishane pande. Kwa nyuma, tairi la nje kushoto likihamia ndani upande uleule wa kushoto, rimu hugeuzwa, na tairi huanza kuzunguka kinyume. Likihamia ndani kulia, mzunguko wake haubadiliki. Basi kashata zikiwa zimeliwa kwa mteremko kama meno ya msumeno, chagueni hamisho la kwanza ili upande uliobaki mrefu nao uliwe, isipokuwa tairi lenye mshale wa mwelekeo. Kwenye gari la tairi kumi lenye difu mbili, yaani mihimili miwili ya nyuma inayosukumwa na injini, linganisheni pia mhimili na mhimili, maana vipenyo vikipishana, difu ya kati, ile inayogawa nguvu kwa mihimili hiyo, hufanya kazi bila kupumzika hata barabara ikiwa imenyooka.

Kabla ya kulegeza nati yoyote kwenye rimu za pete, zile ambazo tairi hushikiliwa na pete ya chuma inayofungika, toeni upepo katika matairi yote mawili, la ndani na la nje, na mng'oe sindano ya vali kabisa. Pete ikiruka huua, na hapo sina mjadala na mtu mwenye haraka.

Wakati wa kufunga, futeni kutu na vumbi kati ya rimu na rimu, kisha kazeni kwa kupishanisha nati zinazotazamana. Katika malori mengi ya zamani ya Kijapani, nati za magurudumu ya upande wa kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kinyume cha mshale wa saa, na tairi la ndani lina nati zake chini ya zile za nje. Anayekaza za nje peke yake hajui hali ya zile za ndani: nati ya nje ilegezwe, ya ndani ikazwe, kisha ya nje irudishwe, moja baada ya nyingine. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kazi hiyo irudiwe. Kwa gari linalotoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro, Mlandizi panatosha kusimama, na spana ya kukazia nati isiachwe gereji.