Inalia Nyiee: Kuutafuta Mlio wa Usukani na Shokapu

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi. Wazee wangu madereva, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi: ahsanteni kwa kuiacha Jumamosi yenu. Nimeombwa nizungumzie gari linalolia chini.

Mteja akifika gereji ana sentensi moja tu: "Fundi, inalia mbele." Mwulize inaliaje, atakuigizia kwa mdomo. Mwache aigize, na usimcheke, maana hapo anakupa nusu ya kazi. Akisema "ko-ko-ko" kwenye matuta, kuna kitu kimelegea, na mara nyingi ni linki ya stabilaiza, kile kijiti kinachounga ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona. Akisema "tak-tak-tak" anapokata kona huku anakanyaga mafuta, nenda kwenye sivi jointi, kile kiungo cha ekseli kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi. Lakini akivuta mdomo akasema "nyiiiee", kama mlango wenye bawaba kavu, au kitanda cha kamba mtu anapogeuka usiku, basi hilo ndilo somo letu la leo. Huo ni msuguano. Ama vitu vinavyotakiwa kuteleza vimekauka, ama vitu visivyotakiwa kuteleza vimeanza kuteleza.

Niwaeleze kwanza hasara niliyomtia mtu. Nilikuwa kijana, ninajiona fundi. Ililetwa Corolla 110, inalia ukizungusha usukani gari likiwa limesimama. Nikainama mara moja, nikasikia kama sauti inatoka katikati, nikatamka palepale: stelingi reki, kile chuma chenye meno kinachosukuma tairi zigeuke. Mzee wa watu akanunua reki ya mtumba. Tukashinda kutwa tunafungua na kufunga, tukatia mafuta mapya ya pawa stelingi. Jioni akawasha, akazungusha. Nyiiiee. Ileile. Angenitukana ingekuwa afadhali, alinitazama tu. Kumbe ubovu ulikuwa kwenye beringi ya maunti ya shokapu, kidude kinachokaa juu kabisa, chini ya boneti.

Nilidanganywa na masikio. Chuma hubeba sauti. Mlio ukianzia juu ya shokapu unasafiri kwenye bodi hadi utokee miguuni mwa dereva, naye ataapa kwamba unatoka chini ya kiti chake. Kwa hiyo sikio likuambie kwamba kuna tatizo, na mkono ndio ukuoneshe mahali.

Hiyo beringi nitaieleza vizuri, maana ndiyo inayofanya wengine wasingiziwe. Kwenye IST, Raum, Noah na Corolla nyingi, springi na shokapu ya mbele ni nguzo moja iliyosimama. Ukizungusha usukani, nguzo yote inazunguka pamoja na tairi, na kinachoiruhusu izunguke ni beringi ya juu. Ikiingiwa na vumbi na maji, ikashika kutu (na hapa Tanga, kwa hewa hii ya chumvi, inashika kweli), springi inakataa kugeuka. Inajisokota, inakaza, halafu inaachia ghafla: "dwong!" Wenzetu wanaopanda Lushoto wanaifahamu kwa njia nyingine. Ukimaliza kona usukani haurudi wenyewe, unaurudisha kwa nguvu, na kutoka Mombo hadi juu zile kona hazikupi nafasi ya kupumzisha mikono.

Sasa kupima. Kosa linalofanywa na wengi ni kukimbilia jeki. Ukiliinua gari tairi zikaning'inia, umeondoa uzito, na mara nyingi mlio unaondoka nao. Unabaki unamwambia mteja "mbona halilii?" Liache lisimame kwa tairi zake. Handibreki juu, mawe nyuma ya tairi. Kama sakafu yako ni simenti laini, weka gunia chini ya tairi za mbele, kwa sababu mpira wa tairi wenyewe hulia ukisuguliwa kwenye simenti. Nimeona fundi akihangaika na mlio wa sakafu yake mwenyewe.

Mwenzako azungushe usukani polepole, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Wewe weka ncha za vidole kwenye springi kwa upande wa nje. Usiingize kidole katikati ya mizunguko yake, tafadhali, ikiachia haichagui. Beringi ikiwa nzima, springi inazunguka laini. Ikiwa mbovu utahisi inasita, kisha inaruka. Shika upande wa pili ulinganishe. Kisha shusha mkono: tairodi endi (ncha ya fimbo inayovuta tairi ligeuke), boljointi (kiungo cha duara kinacholishika tairi kwa chini). Kile kinacholia utakihisi kinatetemeka mkononi kama simu iliyozimwa sauti.

Boljointi sina mzaha nayo. Bushi, yaani mpira unaokaa kati ya vyuma, ikilia inakukera, lakini boljointi ikikauka inaweza kuchomoka, na ikichomoka tairi linalala upande ukiwa barabarani. Tazama kile kifuniko chake cha mpira. Kikipasuka, grisi inatoka, maji yanaingia, kutu inafuata. Kuna kipimo cha zamani: chukua bomba la sindano, tia grisi kidogo kupitia ule mpira, halafu zungusha usukani. Mlio ukinyamaza, umempata. Ila msikie vizuri: hicho ni kipimo, siyo matengenezo. Kuna watu hutia grisi, wakachukua hela, wakamwachia mtu aondoke na familia yake. Ukishampata, mbadilishe.

Mlio wa kwenye matuta ni habari nyingine, hapo usukani haumo. Bonyeza kona ya gari kwa uzito wako, achia, bonyeza tena. Ikilia, fikiria bushi za stabilaiza na za wishiboni, ule mkono wa chuma unaoshika tairi kwa chini. Na hapa muulize mteja swali moja: mvua ikinyesha inalia? Akikujibu "ajabu, siku ya mvua inanyamaza," karibu nina hakika ni mpira. Chukua chupa ya maji, mwagia bushi moja, bonyeza. Bado inalia? Nenda ya pili. Ile itakayonyamaza ikipata maji ndiyo yenyewe.

Lakini usiipake oili chafu! Najua tunafanya. Inanyamaza leo, mteja anafurahi, halafu oili inaula mpira, unavimba na kuoza. Bushi ya stabilaiza ipewe grisi ya silikoni. Ya wishiboni haipewi chochote, kwa sababu mpira wake umegandishwa kwenye chuma na kazi yake ni kujisokota, siyo kuteleza. Ikilia, ama imechanika ama ilifungwa vibaya.

Kufungwa vibaya ndiko kunakonitia uchungu zaidi, maana huko ni kujitakia. Fundi anaweka bushi mpya, gari liko juu ya jeki, tairi linaning'inia, anakaza bolti mpaka mwisho. Akilishusha, mpira umeshajisokota kabla hata safari haijaanza. Hautakaa. Utalia, utachanika, na lawama zitamwangukia muuza spea. Shikiza bolti tu, teremsha gari chini, litikise likae sawa, ndipo ukaze kabisa.

Dada pale nyuma anauliza: je, kama mlio unatoka ndani, kwenye dashibodi? Swali zuri. Chunguza ule mpira unaokaa pale mhimili wa usukani unapotoboa ukuta wa injini. Ukikauka unakwaruza, na tone la grisi ya silikoni linatosha. Ila sauti ikitoka kwenye usukani wenyewe, kama karatasi inayosuguliwa, muone fundi anayejua eabegi, ule mfuko wa hewa uliomo ndani ya usukani. Usifungue kwa bisibisi nyumbani.

Na kijana huyu anauliza kama springi inaweza kufunguliwa kwa kuifunga kamba. Hapana. Sikilizeni, hapana. Ile springi imebanwa kwa nguvu za kuua. Tumia kibano chake, viwili, pande mbili zinazotazamana, na kichwa chako kikae mbali na mstari wake. Huna kibano, kaazime. Na ukishamaliza shokapu, gari liende alaimenti, yaani kunyooshwa tairi.

Haya, tutoke nje. Kuna Noah imepaki chini ya mwembe, mwenyewe anasema inalia na yeye hataki kusikia habari za reki. Wewe, panda ushike usukani. Wewe, vua saa, mkono kwenye springi, upande wa nje. Mkishasikia, kila mmoja aniambie ameshika nini, siyo anafikiri nini.